Tathmini ya utendaji kazi kwa mtumishi wa afya: jinsi ya kujiandaa kabla hujaitwa

Kila ikifika Mei simu yangu huanza kuita. Muuguzi wa zahanati anauliza aandike nini, mteknolojia wa maabara anauliza kama picha za rejista zinakubalika, tabibu aliyeajiriwa mwaka jana anauliza kama ni kweli alama zinapangwa kabla hujaingia ofisini. Nimejibu maswali hayohayo mara nyingi mno, nikaona niyaweke pamoja hapa.

Nimekaa pande zote mbili za meza: miaka kadhaa nikitathminiwa, sasa ninatathmini wenzangu kwenye kituo cha afya. Mwaka wangu wa tatu kazini niliingia kwa msimamizi mikono mitupu. Aliponiuliza nimefanya nini mwaka mzima nikajibu, "Nimefanya kazi kwa bidii." Akatikisa kichwa, akaniandikia wastani. Mwaka ule leba yetu ilikuwa haipoi, na nusu ya zamu za usiku zilikuwa zangu. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye rejista, lakini yaliandikwa kama kazi ya kituo. Mahali pangu hapakuwa na mstari hata mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho la muuguzi nalo ni mali.

Mwongozo huu ni wa mtumishi wa umma wa afya Tanzania: muuguzi, mkunga, tabibu, mteknolojia, mfamasia, mhudumu wa afya. Ukiwa hospitali ya misheni au ya binafsi, fomu yako itakuwa tofauti, ila hatua nyingi zitakufaa zilivyo.

Mfumo wenyewe kwa ufupi

Zamani msimamizi aliandika taarifa ya siri, na wewe hukuiona. Mwaka 2004 ikaja OPRAS, fomu ya wazi ambayo wewe na msimamizi mlikubaliana malengo, mkapitia nusu mwaka, mkamaliza Juni. Sasa kwa utumishi wa umma OPRAS imepisha PEPMIS, mfumo wa kielektroniki unaouingia kupitia ESS, tovuti ya mtumishi kujihudumia mwenyewe. Unaweka kazi zako, msimamizi anazipitisha, unaripoti utekelezaji, anatoa alama. Mwaka unaohesabiwa ni wa fedha, 1 Julai hadi 30 Juni.

Nadharia inaishia hapo. Skrini hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo usikariri vitufe. Kariri kazi yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namba yako ya cheki na nywila ya ESS inayofanya kazi. Ijaribu leo. Usingoje siku ya mwisho ndipo ugundue umeisahau.
- Malengo au kazi mlizokubaliana Julai, yakiwa yamechapishwa au yamenakiliwa kwa mkono.
- Maelezo ya kazi ya kada yako. Kama hukupewa, omba kwa Afisa Utumishi. Yamo kwenye Muundo wa Utumishi wa kada yako.
- Mpango kazi wa kituo kwa mwaka huo. Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anao.
- Rosta za miezi 12. Zikiwa zimechanika ukutani, kitabu cha ripoti za zamu kitakusaidia.
- Leseni hai kutoka kwenye baraza la taaluma yako na ushahidi wa mafunzo endelevu ya mwaka huu.
- Barua zote: kukaimu, likizo, uhamisho, pongezi, na ya onyo kama ipo. Ndiyo, hata ya onyo.
- Daftari jipya na saa tatu za utulivu siku ya mapumziko. Usijaribu kufanya kazi hii katikati ya zamu, utaitwa kila dakika tano.

Hatua kwa hatua

1. Soma malengo kabla ya kukusanya chochote.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni hili: mtu anakuja na bahasha nene ya vyeti vya semina, halafu kati ya malengo yake matano hakuna hata moja linalohusu semina. Fungua ukurasa mmoja wa daftari kwa kila lengo. Juu andika lengo kama lilivyo, neno kwa neno. Chini yake chora safu tatu: nilichofanya, namba, ushahidi uko wapi. Ukurasa utakaobaki mtupu ndio utakaokupa kazi.

Utakuta malengo mengine ni ya hewani, kama "kuboresha huduma kwa wateja". Usiyafute. Andika pembeni unadhani yalimaanisha nini kwa vitendo: muda wa kusubiri, malalamiko, usafi wa wodi, lugha. Utahitaji tafsiri hiyo siku ya mazungumzo.

2. Vuna namba kutoka kwenye rejista.

Hapa ndipo penye mavuno, na ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Vitabu vya MTUHA, yaani rejista za takwimu za huduma za kituo, vimeshafanya nusu ya kazi yako. Uko OPD (wagonjwa wa nje), nenda kitabu namba 5. Uko kliniki ya wajawazito, namba 6. Uko leba, namba 12. Kama kituo chenu kimeshahamia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za kituo, mwombe anayeshughulikia takwimu akutolee ripoti ya kipindi chako. Kabla ya yote mwambie mfawidhi kwamba unapitia rejista kwa ajili ya tathmini. Ni heshima, na pia inazuia maneno ya "fulani anachunguza vitabu vyetu".

Chukua namba mbili kila mara: uliyofikia, na jumla iliyotoka. Namba moja peke yake haisemi kitu. Nitatoa mfano wa kubuni. Lengo lilikuwa kuongeza wajawazito wanaoanza kliniki kabla ya wiki ya 12. Julai hadi Desemba walikuja wajawazito wapya 214, na 71 kati yao walikuwa chini ya wiki 12, yaani asilimia 33. Januari hadi Juni walikuja 198, na 93 wakawa chini ya wiki 12, asilimia 47. Ukiandika "nimehudumia wajawazito 412" umesema ulikuwepo kazini. Ukiandika "kutoka asilimia 33 hadi 47" umesema kuna kitu kilibadilika. Sasa ongeza sentensi moja ya sababu: kuanzia Januari ulikuwa ukikaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kila mwezi, mkapitia majina ya kaya zenye wajawazito wapya. Msimamizi akisoma hivyo hana cha kukuuliza zaidi ya ulichokiandika.

Kabla hujafunga kitabu, linganisha namba zako na taarifa ya mwezi iliyokwenda wilayani. Zikitofautiana, tafuta kwa nini. Msimamizi anaweza kuwa anaangalia namba za DHIS2, mfumo wa kielektroniki wa takwimu za afya, huku wewe unasoma za kitabu, na ubishi wa aina hiyo hula muda wote wa mazungumzo.

Onyo kubwa: usipige picha ukurasa wa rejista wenye majina, namba za simu au majibu ya vipimo vya wagonjwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla yake maadili yetu yalikataza. Andika hesabu tu, na mahali pa kuthibitisha: "Rejista Na. 12, Oktoba". Atakayetaka kuhakiki ataenda kuangalia. Niliwahi kuletewa na kijana mzuri, mchapakazi, simu yenye picha arobaini za rejista ya huduma na matunzo ya VVU, na alikuwa amezitunza kwenye kundi la WhatsApp ili zisipotee. Tathmini yake haikuanza siku hiyo, tulianza kwanza na mazungumzo mengine kabisa.

3. Tenganisha yako na ya timu.

Kazi ya afya ni ya pamoja, na aliyelelewa vizuri huona aibu kusema "mimi". Lakini tathmini ni ya mtu mmoja. Njia ninayoipenda ni kuandika sentensi yenye vipande viwili: tulifanya hiki, sehemu yangu ikawa hii. "Wodi ya watoto ilianza 5S (utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi), mimi nilisimamia kuseti kabati la dharura na kulikagua kila Jumatatu." Hapo hujamnyang'anya mtu jasho lake, wala hujajificha nyuma ya "sisi".

Jihadhari na upande wa pili pia. Ukiandika kwamba wewe peke yako umepunguza vifo vya watoto wachanga kituoni, msimamizi atakumbuka majina manne mengine, na baada ya hapo hataamini hata yale ya kweli.

4. Andika matukio matatu au manne.

Kuna kazi isiyohesabika. Utulivu wa mkunga saa tisa usiku mama anapovuja damu hauingii kwenye asilimia yoyote. Hivyo chagua matukio machache ya mwaka, na kila moja liandike kwa mistari minne tu: hali ilikuwaje, ulifanya nini, matokeo, na kilichobadilika baadaye.

Mfano: "Februari, zamu ya usiku, jokofu la dawa lilizima. Nilihamisha oksitosini kwenye kasha la chanjo lenye barafu, nikawa napima joto kila saa hadi asubuhi ili libaki kati ya nyuzi 2 na 8, nikaandika kwenye kitabu cha ripoti. Hakuna dawa iliyoharibika. Nikaomba kuwe na karatasi ya kurekodi joto mara mbili kwa siku, na sasa ipo mlangoni pa jokofu." Ule mstari wa mwisho ndio wenye uzito kuliko yote, kwa sababu unaonyesha tukio lilizaa utaratibu.

Usitaje jina la mgonjwa wala kijiji chake. Usichague matukio yanayomwaibisha mwenzako pia. "Nilimkuta dokta hajui la kufanya" ni sentensi itakayokugharimu.

5. Andika mwenyewe yale ambayo hayakufikiwa.

Wengi huficha hapa. Mimi nasema anza wewe kabla hujaulizwa, kwa sababu msimamizi tayari anajua. Andika lengo, kiasi kilichofikiwa, sababu, na ulichofanya ulipoona mambo hayaendi. Kipande hiki cha mwisho ndicho kinachotenganisha maelezo na visingizio.

"Vitendanishi havikuwepo" ni kisingizio. "Vitendanishi vilikosekana Septemba na Oktoba, oda ya Bohari ya Dawa ilikuja pungufu, nikaandika barua kwa mfawidhi tarehe fulani, tukaazima kituo cha jirani kwa wiki mbili" ni maelezo. Nakala ya barua hiyo ina thamani kuliko cheti cha semina. Kama hukuandika barua mwaka huu, anza tabia hiyo Julai: chochote kinachokwamisha lengo lako, kiandike siku kilipotokea, hata kwa mistari miwili, na ubaki na nakala.

Na kama sababu ni wewe mwenyewe, sema. Ulichelewa kazini miezi miwili kwa sababu ya mgonjwa nyumbani? Sema, ueleze umelimalizaje. Rosta na kitabu cha mahudhurio vitasema hata ukinyamaza.

6. Jaza mfumo wiki mbili kabla.

Siku mbili za mwisho za Juni kila mtumishi yuko kwenye mtandao, na vituo vyetu vingi intaneti yake ni simu ya mtu. Jaza mapema, na ikiwezekana asubuhi sana au usiku. Andika maelezo yako kwanza kwenye daftari au kwenye programu ya kuandikia, kisha unakili. Ukurasa ukigoma katikati, hujapoteza kitu. Ukimaliza kila kipengele hakikisha kimetumwa kwa msimamizi, siyo kimehifadhiwa kwako tu. Kila mwaka kuna anayelalamika "nilijaza yote", na ukifungua unakuta rasimu.

Hakikisha pia jina la msimamizi linaloonekana ni la yule uliye chini yake sasa. Ukihama wodi au kituo, jina la zamani linaweza kubaki, na kazi zako zikawa zinamsubiri mtu asiyekujua tena.

Usimpe mtu nywila yako akujazie. Najua tabibu wa zahanati ya mbali anayepanda bodaboda kwa muda wa saa mbili kutafuta mtandao atanuna, lakini aliyekujazia ndiye atakayeandika "kufanya usafi" kwenye kazi za daktari wa meno. Nimeliona.

7. Jipe alama kwa kweli, na usome maana ya namba kwanza.

Kwenye fomu ya OPRAS, 1 ilikuwa ndiyo ya juu kabisa na 5 ndiyo mbovu kabisa. Kuna mwenzangu aliyejipa 5 kila mahali kwa furaha, na msimamizi wake akasaini. Hospitali kadhaa zisizo za serikali zina fomu zilizoiga mtindo huo, nyingine zimeugeuza. Soma ufunguo kabla ya kuandika.

Kisha jipe alama unayoweza kuitetea kwa ushahidi ulio nao mkononi. Kujishusha kwa ajili ya unyenyekevu hakukusaidii. Msimamizi mwenye haraka ataichukua alama hiyohiyo na kuendelea. Kujipandisha kila mahali nako kunamfanya asiamini popote.

8. Jipange kwa mazungumzo yenyewe.

Omba muda. Mwambie mfawidhi au matroni, "Matroni, naomba nusu saa Alhamisi baada ya kliniki, tupitie tathmini yangu." Ukisubiri uitwe utaitwa wodini, mbele ya wagonjwa, dakika tano kabla ya kukabidhi zamu. Usikubali kukaa kwenye tathmini ukiwa umetoka zamu ya usiku. Omba kwa adabu isogezwe hadi kesho. Mtu aliyekesha husaini chochote.

Nenda na karatasi moja. Moja tu: malengo upande wa kushoto, namba katikati, mahali pa ushahidi kulia. Daftari libaki kwenye begi. Fanya mazoezi ya kuisoma kwa sauti mbele ya mwenzako mmoja, na umwombe akuulize maswali ya kuudhi. Dakika kumi zinatosha.

Ukiwa ndani, msikilize mpaka amalize kabla hujajibu. Akisema neno la jumla kama "wateja wanakulalamikia", usilipuke wala usikubali haraka. Uliza kwa upole: "Naomba nisaidie mfano mmoja, mama, ili nijue nirekebishe wapi." Mara nyingi mfano ukitajwa unakuta ni wa siku moja, na pengine wa mtu mwingine kabisa. Ukiwa ni wako, umejua cha kufanyia kazi.

Usilinganishe na jina la mwenzako. "Mbona fulani kapewa zaidi" hufunga mazungumzo papo hapo, na habari itakuwa imefika chumba cha chai kabla yako.

9. Omba jambo moja, na mkubaliane malengo mapya hapohapo.

Kila tathmini ina nafasi ya mahitaji ya mafunzo. Watu huandika "semina mbalimbali" na hawapati hata moja. Andika jambo moja, liwe na sababu iliyotokana na namba zako: "Tulipeleka rufaa za watoto wachanga kumi na mbili kwa kushindwa kupumua, naomba mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, na nikirudi nitawafundisha wenzangu wanne wa leba." Ombi la namna hiyo mfawidhi anaweza kulipeleka kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya, bila kuongeza neno.

Kisha kabla hujaondoka, taja malengo ya Julai. Machache, yenye namba, na yaliyo ndani ya uwezo wako. Muuguzi wa zahanati hawezi kuahidi kupunguza vifo vya wilaya nzima. Anaweza kuahidi kwamba kila mama anayejifungua zamu yake atakuwa na chati ya uchungu iliyojazwa kikamilifu.

10. Baada ya kikao.

Jioni ileile andika mlichokubaliana, chapisha au hifadhi nakala ya tathmini iliyokamilika, na uiweke pamoja na barua zako. Kupanda daraja, kuomba masomo, kuhamia halmashauri nyingine: siku moja utaulizwa, na ofisi zinahama, mafaili yanapotea.

Ukikwama

Hatukuwahi kuweka malengo Julai. Hutokea sana, hasa kwa waajiriwa wapya. Chukua maelezo ya kazi na mpango wa kituo, andika malengo manne uliyoyafanyia kazi kweli, mpelekee msimamizi uyajadili naye sasa. Usiyarudishe nyuma tarehe. Mwambie wazi kwamba yaliandikwa kwa kuchelewa.

Msimamizi wangu amehama, wa sasa ana mwezi mmoja. Mwombe wa zamani akuandikie ukurasa mmoja au azungumze na mpya kwa simu. Ile karatasi yako moja ndiyo itakayokubeba, kwa kuwa mpya hana kumbukumbu nyingine yoyote juu yako.

Nafanya kazi zisizo za kada yangu. Karibu kila zahanati ina muuguzi anayetibu, anayetoa dawa, anayepokea fedha na anayeandika taarifa za mwezi. Ziandike zote, ila kwa uangalifu: sema nani alikuagiza na kwa sababu gani, mfano "tabibu alikuwa likizo, nilielekezwa na mfawidhi kuhudumia OPD". Kama hakuna maandishi, omba barua. Barua ya kukaimu inaleta sifa kwenye tathmini, na inakulinda siku mambo yakiharibika. Kazi iliyo nje ya leseni yako usiitaje kama ushujaa.

Nilikuwa likizo ya uzazi. Siku 84 hizo ni haki yako, siyo uzembe. Andika tarehe wazi, na uhesabu lengo kwa miezi uliyokuwepo. Kama lengo lilikuwa ziara 12 za kijijini na umefanya 9 katika miezi tisa, umelifikia. Sema hivyo mwenyewe, usingoje msimamizi apige hesabu.

Nimepewa alama ya chini na sikubali. Usisaini kwa hasira, usikatae kwa hasira. Omba siku mbili. Rudi na maandishi: lengo gani, alama gani, ushahidi gani haukuangaliwa. Uliza swali moja: "Ningefanya nini ili iwe juu zaidi?" Akishindwa kujibu, peleka maandishi hayohayo kwa aliye juu yake, kisha kwa Afisa Utumishi, hatua kwa hatua, bila kuruka ngazi. Chama chako cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, kina viongozi ngazi ya tawi. Watumie mapema, siyo baada ya kugombana.

Niko hospitali ya binafsi na wananitisha kuniachisha kwa utendaji mbovu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 chini ya sheria ya ajira zinamtaka mwajiri akuelekeze na akupe muda wa kujirekebisha kabla ya kufikia kukuachisha kwa sababu hiyo. Omba maelekezo hayo kwa maandishi. Ukiachishwa na ukaona si haki, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo hukimbia.

Mfumo umegoma kabisa. Piga picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa, tarehe na saa zionekane, mtumie Afisa Utumishi siku hiyohiyo kwa maandishi. Endelea na kikao kwa karatasi.

Nimeambiwa leo, tathmini ni kesho asubuhi. Acha kila kitu kingine. Chukua malengo, chagua matatu yenye uzito, nenda kwenye kitabu kimoja tu cha MTUHA unachokijua, toa namba mbili kwa kila lengo. Ongeza tukio moja na jambo moja ambalo halikufikiwa. Andika kwenye karatasi moja, ulale kabla ya saa nne, na asubuhi kabidhi zamu kwanza ndipo uingie.